Faili lisafiri, mama abaki

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 76, tunaishi naye kijijini, si mbali na Mafinga. Mwaka jana mwezi wa kumi chakula kilianza kumkwama. Tulihangaika na dawa za vidonda vya tumbo mpaka Februari, akapitishwa kamera, wakakata kinyama, majibu yakasema saratani ya koo la chakula. Dar wakasema imeshafika kwenye ini, akapigwa mionzi michache, tukarudi. Sasa hata uji unapita kwa shida, amebaki mifupa, siku nzima yuko kitandani na anahisi baridi muda wote, ingawa tunamwekea jiko. Kaka yetu mkubwa anauza mbao Dar. Anataka tuvune shamba la paina la marehemu baba, miti ya miaka tisa, mama arudishwe hospitali au apelekwe India. Mama anasema hatoki tena nyumbani kwake. Tulipewa morfini ya maji, kaka amekataza, anasema ni dawa ya kumalizia watu. Mama hajaambiwa, tumemwambia ni vidonda vya tumbo. Mimi ndiye ninayelala naye, pamoja na binti yangu wa darasa la sita. Nimechoka na naogopa. Tukimwacha nyumbani, si tutakuwa tumemuua? Na asipokula, nimlazimishe?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kamwene.

Nianze kwa kukusahihisha kidogo: mimi ni muuguzi, si daktari. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa tiba shufaa, yaani kuwahudumia watu ambao ugonjwa wao hauponi tena, wengi wao wakiwa majumbani mwao, huku Iringa, Njombe na Makete. Nalisema mapema ujue ushauri huu unatoka wapi. Unatoka kwenye kigoda kilicho pembeni ya kitanda. Habari ya dozi, neno la mwisho ni la wale waliomwona mama na kumwandikia dawa.

Umeuliza mengi, lakini naona yote yananing'inia kwenye msumari mmoja: tukimwacha nyumbani, tumemuua? Hapana. Saratani ya umio, yaani hilo koo la chakula, ikishafika kwenye ini haiponi, iwe Dar iwe India. Mionzi michache aliyopewa haikuwa ya kumponya. Ilikuwa ya kulegeza njia ili ameze kidogo. Huenda mliambiwa hivyo na hamkusikia, wala si kosa lenu. Mtu akishasikia neno saratani, yanayofuata humpita kama upepo.

Sasa huyo kaka. Usimwone adui. Nimekutana naye karibu katika kila nyumba: mtoto aliye mbali, mwenye uwezo kidogo, anayepiga simu kwa sauti ya amri. Wewe unamwona mama kila asubuhi na umeshaanza kumlilia kidogo kidogo. Yeye bado anamkumbuka mama wa Krismasi ya mwaka juzi, aliyekuwa akibeba kuni kichwani. Ukimwambia "huelewi" utamfukuza. Mpe kazi.

Kazi yenyewe ni hii: faili lisafiri, mama abaki. Kusanya majibu ya kinyama, picha za skani, karatasi ya kuruhusiwa na orodha ya dawa anazotumia sasa, zipige picha kwa simu zibaki kwako, halafu mtumie kaka zile karatasi zenyewe kwa basi. Aende nazo kule mama alikotibiwa, apange foleni kama ndugu wengine, na akikaa mbele ya daktari asiulize "mtamsaidiaje mama yangu", maana kwa swali hilo daktari hawezi kukosa jibu la kumtia moyo. Aulize hivi: kuna tiba inayoweza kumponya? Kama hakuna, kuna kitu cha kumrahisishia kumeza, na mtu aliyedhoofika kiasi hiki anakihimili? Akija huku, atakaa siku ngapi, na atarudi nyumbani akiwa na nini ambacho leo hana?

Swali la pili ndilo zito. Kuna mrija mdogo wa waya unaoweza kupachikwa ndani ya umio ili mate na vitu vya majimaji vipite. Kwa mgonjwa ambaye bado ana nguvu za kusafiri ni msaada mkubwa, na kama ningekuwa mimi, ni hilo tu ningeliulizia. Daktari akisema inafaa, na mama akaelezwa akakubali, basi safari ina maana. La sivyo, kaka ataambiwa na mtaalamu mwenyewe, uso kwa uso, jambo ambalo kutoka kwako lingeonekana ni kukata tamaa kwa mtu aliyechoka.

Nikuambie pia wanachoangalia, ili jibu likija lisiwashangaze. Kabla ya kuamua tiba kali, madaktari wa saratani hupima jambo lisilohitaji maabara: mgonjwa anautumiaje mchana wake. Anayeoga mwenyewe na kukaa nje juani zaidi ya nusu ya mchana, mwili wake una akiba. Yule ambaye kitanda kimeshameza zaidi ya nusu ya mchana wake, dawa hizo humuumiza kuliko kumsaidia. Wewe umeandika "siku nzima yuko kitandani". Toka Mafinga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na katikati kuna kona za Kitonga na matuta ya Mikumi. Nimewahi kupokea simu ya familia iliyofika Morogoro na mgonjwa, wakaniuliza wafanye nini, mama ameacha kupumua. Walikuwa wamekodi gari kwa fedha ya ng'ombe wawili. Sina la kuwalaumu, walikwenda kwa upendo. Ila yule bibi alikuwa amesema, kama wako alivyosema, kwamba hatoki.

Miti nayo muiache isimame. Paina ya miaka tisa bado ni mtoto, na mnunuzi akishanusa kwamba kuna mgonjwa ndani atawapa bei ya kutupa. Fedha mtakazohitaji kuanzia sasa ni ndogo ndogo lakini za kila wiki: godoro zito la sponji, nailoni ya kutandika chini ya shuka, sabuni, mafuta ya kupaka, nauli ya bodaboda ya kufuata dawa. Kaka atume hizo kwa simu kila Jumatatu bila kukumbushwa. Kama yupo kati yenu mtumishi wa umma, aangalie kama mama yuko kwenye bima yake, maana mzazi anaruhusiwa kuandikishwa. Kama hayupo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawapa matibabu bila malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Pitia kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Utazungushwa kidogo. Zunguka nao.

Morfini: mpeni. Hapa sitazunguka.

Maneno ya kaka yana chanzo chake. Kwa miaka mingi mgonjwa alikuwa akipewa morfini akiwa amebakiza siku mbili, watu wakaona kapewa, kafa, wakaunganisha. Ni sawa na kumwona padre akija na mafuta ya mpako kisha kusema padre ndiye anayeua wagonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu ya saratani ulitoka mwaka 1986, na morfini ya kunywa iliwekwa humo kwenye ngazi ya juu kabisa, kwa ajili ya watu wanaoishi na maumivu, hata kwa miezi na miezi. Daktari Anne Merriman alipoanzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda mwaka 1993, dawa aliyoitegemea ilikuwa hiyo hiyo, unga uliochanganywa na maji. Tangu 2004 wenzetu wa Uganda wanawaruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Mimi hilo nalisoma kwa wivu kidogo.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleweka. Morfini ya maji hukaa mwilini kwa muda wa kama saa nne, kisha imekwisha. Ndiyo maana inaandikwa kila baada ya saa nne kwa saa ya ukutani, mama awe analalamika au hajalalamika. Kosa ninalolikuta kila mahali ni kumsubiri mpaka alie ndipo apewe. Ukifanya hivyo unamfukuza mwizi aliyeshatoka na redio. Kuhusu usiku, muulize aliyeiandika kama dozi ya kulalia inaweza kuongezwa ili msiamke saa nane. Wengi hukubali, lakini kiasi akitaje yeye. Ipime kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Kijiko cha chai hapana, kijiko cha jirani yako si sawa na chako.

Siku mbili tatu za kwanza atalala sana. Hapo ndipo kaka atapiga simu kusema "si niliwaambia". Mweleze kwamba mtu ambaye hajalala mwezi mzima kwa maumivu, akipata nafuu analala. Ukimgusa akaamka, akakujibu, akarudi kulala, hiyo ni nafuu. Ukimtikisa asiamke na pumzi zikawa za mbali mbali sana, ruka dozi inayofuata na upige simu hospitali papo hapo. Anaweza kuona kichefuchefu mwanzoni, hupita. Choo hakipiti hivi hivi: morfini hukausha choo siku zote, kwa hiyo kama hukupewa dawa ya kulainisha, rudi ukaidai. Nimeona wagonjwa wakiacha dawa iliyokuwa ikiwasaidia kwa sababu tu tumbo lilijaa mawe.

Watu watasema atakuwa teja. Bibi wa miaka 76 mwenye saratani, anayepewa dawa kwa kipimo ili aweze kugeuka kitandani? Waacheni waseme. Chupa ikae mbali na watoto, na siku itakapokuwa haihitajiki tena, kilichobaki kirudishwe hospitali.

Halafu acheni ile sindano ya diklofenaki ya duka la dawa, kama mmekuwa mkiitumia, na najua nyumba nyingi huitumia. Kwa mzee asiyekunywa maji ya kutosha inaumiza figo na kutoboa tumbo.

Koo litakapofunga zaidi hadi morfini isimezeke, msiikatishe. Huwa tunadondosha kidogo kidogo ndani ya shavu, karibu na fizi, na kiasi chake hunyonywa hapo. Waulize wakuonyeshe mapema, kabla siku hiyo haijafika, na upate namba ya simu ya muuguzi mmoja. Baadhi ya hospitali zetu, zikiwemo za KKKT, kanisa la Kilutheri, zina timu za tiba shufaa zinazotembelea majumbani. Ulizia iliyo karibu nanyi. Mhudumu wa afya wa kijiji chenu naye ajue kuna mgonjwa.

Sasa chakula. Swali lako hili ni fupi, lakini najua ndilo linalokuamsha usiku, kwa sababu huku kwetu upendo unapimwa kwa sahani. Mgeni hatoki bila kula, mzazi tumwache na njaa?

Mwili unaofunga kazi hauna njaa kama yako na yangu. Saratani imebadilisha namna mwili wa mama unavyotumia chakula, hivyo hata mngempitishia kilo ya nyama kwa mpira, nyama isingeshika mifupani. Amekonda kwa sababu ya ugonjwa. Uji wako haujapungua chochote. Ukimlazimisha, njia ikiwa imeziba, chakula kitarudi, au kitapita njia ya hewa, na hapo utakuwa umeongeza nimonia juu ya saratani.

Kwa hiyo lisha kwa vijiko, na uanze kwa kumuuliza. Aketi wima, mito nyuma, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya hapo. Uji uchujwe. Parachichi lisagwe na maziwa mpaka liwe jepesi kama maziwa mgando; lina nguvu nyingi kwa vijiko vichache. Maji ya njegere zilizochemshwa zikachujwa yanapita vizuri. Vitu viwe vuguvugu. Vijiko vitatu vikimtosha, vimemtosha, na wewe usikunje uso. Akianza kukohoa kila anapokunywa hata maji, simama hapo hapo na uwapigie hospitali, maana wakati mwingine ugonjwa huu hutoboa tundu kati ya umio na njia ya hewa. Na kama kuna shangazi aliyeleta unga wa mizizi wa kusafisha koo, mshukuru, uweke kabatini. Unga huganda pale pale palipobana.

Akitamani kitu, alambe. Mgonjwa wangu mmoja wa Kilolo, msimu wa mvua, aliomba ulanzi, ile pombe ya mianzi. Bintiye alinifuata hadi nje akaniuliza kwa kunong'ona kama ni dhambi, maana walikuwa wameokoka. Tukampa ule mtamu wa asubuhi, usiochacha, vijiko viwili. Yule bibi aliushika mdomoni muda mrefu, akasema umechanganywa maji. Nyumba nzima ilicheka, ilikuwa imepita miezi bila kicheko mle ndani.

Watakuja pia watakaosema atundikiwe dripu. Wanachotaka ni kuona kitu kinafanyika. Ila mwili ambao hauwezi tena kuyatumia maji huyajaza miguuni na mapafuni, mkaanza kusikia kifua kinachemka. Kiu ya mgonjwa aliyefika hatua hii iko mdomoni zaidi. Chukua kitambaa laini, kichovye kwenye maji safi yenye chumvi kidogo, umfute ulimi na fizi mara nyingi kwa siku, umpake mafuta midomoni. Ukiona utando mweupe usiofutika, ni fangasi, una dawa. Kazi hii hata mjukuu anaiweza.

Mmemwambia ana vidonda vya tumbo. Ningeshangaa kama anaamini. Hakuna anayesafirishwa mpaka Dar kupigwa mionzi kwa vidonda vya tumbo, na wale wagonjwa wenzake kwenye foleni walikuwa na midomo. Mara nyingi ninachokikuta ni nyumba yenye siri moja iliyofichwa pande mbili: watoto wanamficha mama, mama anawaficha watoto kwamba anajua. Kila mmoja analia peke yake.

Usimwendee na hotuba. Siku akiwa ametulia, dawa imeshika, nyie wawili tu, muulize: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, utatamani kujaza. Acha. Akisema "Mungu ataniponya, mwanangu", sema amina, na umuulize kama kuna lolote la kuandaa iwapo Mungu atapanga vingine. Akisema hataki kuzungumza, mwache, ni haki yake. Akikuuliza waziwazi, "nitapona?", usimdanganye, sema, "Madaktari wamesema ugonjwa huu hawawezi kuuondoa, ila maumivu tutayashika, na mimi siondoki hapa." Hayo yanatosha kwa siku moja.

Bibi mmoja wa Makete, baada ya swali hilo, alimwagiza mwanawe avute bati la biskuti chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na vitenge, kila kimoja kimefungwa kwa uzi wa rangi yake, na kila uzi ulikuwa wa mkwe au mjukuu fulani. Alikuwa amevipanga tangu miezi minne nyuma. Watoto walikuwa bado wanamwambia ni gesi.

Mama yako naye huenda ana lake. Huenda anataka kusema azikwe upande gani wa baba, shamba la miti ni la nani, nani aitwe wapatane kabla. Kama ni Mkatoliki, mpako wa wagonjwa asiwekewe dakika ya mwisho. Kama ni Mlutheri, mchungaji amletee Chakula cha Bwana nyumbani wakati bado anaweza kulamba. Jumuiya ije kusali, lakini watu thelathini wasiingie chumbani kwa zamu kumtazama alivyokonda. Wawili waingie, wengine waimbe sebuleni, atasikia.

Nusura nisahau: mkiulizana kwa nini yeye, msianze kumtafuta jirani. Ukanda huu mrefu wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingine nyingi duniani, na watafiti bado wanachimba sababu. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 viliwekwa na wataalamu wa kimataifa, mwaka 2016, kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kuchangia. Nanyi mnajua chai ya Mufindi inavyonywewa asubuhi ya baridi. Ninyi mliobaki, iacheni ipoe kidogo.

Halafu wewe. Umeandika "nimechoka" katikati ya sentensi, kama mtu anayepita haraka mlangoni. Mtu mmoja hawezi kazi hii usiku na mchana. Mwambie kaka, mbele ya ndugu wengine kwenye lile kundi lenu la simu, kwamba humwombi fedha ya India, unamwomba wiki mbili za mwili wake hapa nyumbani. Kumwogesha mama hatamwogesha, najua miiko yetu. Hiyo itabaki kwa wanawake, na wakwe wanahesabika. Lakini mwanamume anaweza kukesha, kufua shuka, kufuata dawa, kumpimia mama morfini kwa saa. Mpe hasa hiyo morfini aipime yeye. Akishaona mama amelala usiku kucha bila kuguna, hutakuwa na haja ya kumweleza tena. Wewe kalale nyumba nyingine usiku huo, mlango umefungwa.

Akiwa yupo, afundishwe kumgeuza: kila baada ya saa mbili mchana, na usiku kadiri mnavyoweza, ubavu huu, mgongo kidogo, ubavu ule, mto kati ya magoti, visigino visiguse godoro. Sehemu iliyoanza kuwa nyekundu isisuguliwe, iachwe isilaliwe. Kidonda cha kulala huanza asubuhi moja na hakiponi kwa mtu aliyekonda namna hii.

Mtajua siku zimekaribia. Atalala karibu muda wote, ataacha hata vijiko, mkojo utapungua na kuwa mweusi, miguu itapoa na kubadilika rangi. Anaweza kuongea na marehemu baba yenu. Msimbishie, muulizeni anasemaje. Pumzi zitaenda kasi, zitasimama, zitaanza tena, na kifua kinaweza kukoroma kwa mate anayoshindwa kumeza. Mkoromo huo huwatesa zaidi wanaosikiliza. Mlazeni ubavu, kichwa kiinuke kidogo. Morfini iendelee kwenye shavu. Zungumzeni naye kwa Kihehe, lugha aliyowalelea. Msikimbilie kukodi gari saa hiyo.

Limebaki jiko. Kama ni la mkaa na linakaa ndani huku madirisha yamefungwa kwa baridi hii ya Juni, hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini, na mle ndani mnalala watatu. Liwasheni nje, chemsheni maji, jazeni chupa, izungushieni kitenge mara mbili ili isimuunguze, iwekeni miguuni mwake. Soksi, kofia, blanketi juu na blanketi chini ya shuka. Binti yako aendelee kulala na bibi yake kama anapenda. Jiko litoke leo.